Nchi Iliyofuta Neno "Njema"

Nchi inayosimuliwa hapa haimo katika ramani yoyote, na wananchi wake wanaombwa kwa heshima wasijitambue. Ilikuwa na bendera, wimbo, mlima mmoja wa kupigia picha, na waya mmoja. Waya huo uliunganisha wizara zote. Siku ulipozinduliwa ulikuwa mnene kama paja la mtu mzima, na magazeti yote yalichapisha picha ya Mheshimiwa Mlezi wa Taifa akiukumbatia. Ulipofika ardhini ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Kati ya picha na ardhi palitokea jambo, na jambo hilo likatangazwa kuwa siri ya taifa, ili taifa lisije likalijua.

Waya mwembamba ulipitisha habari kwa taabu. Wizara ya Watu, iliyotunza taarifa za kila mwananchi, ilipoijulisha Wizara ya Utulivu kwamba fulani amehama mtaa, ujumbe ulifika fulani akiwa amekwisha kuhama tena. Wataalamu waliopendekeza waya uongezwe unene walihamishiwa mlimani. Ikabaki njia moja: kwa kuwa waya hauwezi kunenepeshwa, habari zikondeshwe.

Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyeonyesha mahali pa kuanzia. Nchi hiyo ilikuwa na desturi ya tangu zamani: ukimwuliza mtu habari, hujibu kwanza kwamba ni njema, ndipo aseme lililomfika. Aliyeunguliwa nyumba alijibu, "Njema, ila nyumba imeungua." Aliyetoka makaburini alijibu, "Njema, ila tumezika."

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa alisema katika uwanja uliojaa, "taifa hili limekuwa likisema 'njema' kabla ya kila jambo. Aliyeshiba anaisema. Mwenye njaa anaisema. Neno linalosemwa na wote halimjulishi mtu yeyote kitu. Ukweli wetu umo baada ya 'ila'. Kabla ya hapo ni mzigo, na waya wetu, ambao ni mnene, haukutengenezwa kubeba mizigo."

Hotuba hiyo ya kusifu ufupi ilianza baada ya chai ya asubuhi na kuisha jua likizama. Waliozimia waliandikwa kuwa wameguswa.

*

Kazi ya kuigeuza hotuba kuwa utaratibu iliangukia meza ya Maimuna Ngulangwa, mkuu wa Idara ya Ufungashaji katika Wizara ya Watu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kila sentensi yake ilikuwa na nukta mwishoni. Mumewe, Shomari, alikuwa mshereheshaji wa harusi, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akiifikisha sentensi kwenye nukta. Majirani walisema Mungu alikuwa amewagawia mgao mmoja wa maneno, na mume akawahi kula.

Maimuna alifanya kazi yake vizuri, na hapo ndipo ubaya wote ulipoanzia. Zamani ujumbe ulieleza kila kitu kwa maneno: jina la mwananchi ni hili, makazi ya mwananchi ni haya, mwenendo wa mwananchi ni mwema. Maimuna alifuta maelezo. Kila taarifa akaipa nafasi yake, kila nafasi akaipa namba, na kila jibu vilevile. Nafasi ya nane, kwa mfano, ilikuwa ya mwenendo. Namba tupu ndizo zilizosafiri, zikiwa zimegandamizwa kuwa mfululizo wa sifuri na moja ambao jicho la binadamu halikuweza kuusoma. Aliyeupokea ujumbe aliufungua kwa kufuata kitabu kilichoitwa Mwongozo, na kila wizara ilikuwa na nakala yake.

Mwongozo ulikuwa na kanuni mbili kuu. Ya kwanza ilitoka moja kwa moja katika hotuba: lililo la kawaida halitumwi. Nafasi ikifika tupu, msomaji aijaze mwenyewe kwa jibu la kawaida lililomo katika Mwongozo wake. Jibu la kawaida la nafasi ya nane lilikuwa "mwema". Kanuni ya pili ilisema kwamba msomaji akikutana na nafasi asiyoijua, airuke kimya, bila kuuliza, ili mambo mapya ya wizara moja yasisimamishe kazi za nyingine. Kanuni zote mbili zilikuwa nzuri, na ndiyo sababu hakuna aliyeziogopa.

Ili watumishi wasidanganywe na mazoea, ilifungwa mashine iliyoitwa Kibanio. Kila ujumbe ulipita humo kabla ya kuingia kwenye waya, na Kibanio kikang'oa kila jibu la kawaida lililosahauliwa ndani. Mwananchi mwema kupita wote akawa ndiye mwenye ujumbe mfupi kupita wote: namba yake, basi. Katika lugha ya wizara aliitwa mwananchi mwepesi, na wazazi walianza kuwaombea watoto wao wepesi.

Maimuna alitunukiwa nishani, ndogo kwa kuzingatia maudhui yake. Mheshimiwa alilazimika kuoneshwa mahali alipoibandika.

Jioni hiyo Shomari alimpokea mlangoni. "Bi. Nukta, habari za huko ikulu?"

Maimuna alivua viatu, akakaa, asijibu.

"Nimekuuliza habari, mke wangu."

"Nimekujibu. Nikinyamaza maana yake ni njema."

"Aa. Na nitajuaje kama ni njema, au umenikasirikia, au umepoteza fahamu?"

"Tumekwisha kukubaliana."

"Nani na nani? Mimi nilikubaliana nawe mara moja tu, mbele ya shehe, na hata siku hiyo nilisema maneno mengi." Akamimina chai. "Sikia, mama. Kimya cha mtu anakifasiri yule anayekisikiliza. Siku akiamka vibaya, je?"

"Mwongozo haulali, kwa hiyo hauwezi kuamka vibaya," alisema Maimuna, na aliposema hivyo alikuwa akiamini.

*

Wizara ya Utulivu ikapata waziri mpya, Meja mstaafu Bungara, mtu aliyekuwa na shingo fupi na kumbukumbu ndefu. Siku alipoingia ofisini aliomba asomewe hali ya wananchi. Alisomewa mwema, mwema, mwema, mpaka ilipofika saa ya chakula. Ndipo aliposimamisha usomaji na kutamka sentensi ambayo baadaye ilichongwa ukutani mwa wizara: "Nchi hii ina watu wema wengi kuliko hali ya usalama inavyoruhusu."

Akauliza nani aliyethibitisha wema huo. Akajibiwa kwamba hakuna. Nafasi ya nane ilikuwa imefika tupu, na tupu husomwa "mwema".

"Mtu hajasemwa lolote," alisema waziri, "nanyi mnamwita mwema. Mimi katika jeshi, mtu asiyesemwa lolote ndiye niliyekesha nikimchunga."

Akaagiza nakala ya Mwongozo iliyokuwa wizarani kwake iboreshwe. Tangu wakati huo, nafasi ya nane ikifika tupu, isomwe "mshukiwa".

Wizara ya Utulivu haikufanya jambo hilo kwa siri. Iliandaa taarifa rasmi kwenda Wizara ya Watu, kwamba maana ya kimya imebadilika. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya taarifa ya aina hiyo, ilibuni nafasi mpya, ikaitia taarifa humo, ikaituma. Taarifa ilifika salama. Mashine ya Wizara ya Watu iliiangalia nafasi hiyo, haikuiona katika Mwongozo wake, na, kwa kufuata kanuni ya pili, iliiruka kimya.

*

Shomari alikamatwa akiwa kazini, katika harusi ya binti wa mwuza samani. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusimulia jinsi bwana harusi alivyoonekana siku ya posa, na wageni walikuwa wameshika mbavu, askari walipoingia kwa adabu na kusimama karibu na keki. Walikuwa na kifaa cha mkononi. Walikielekeza kwa bibi harusi, kikasema mshukiwa. Wakakielekeza kwa bwana harusi, kikasema mshukiwa. Wakwe, mpiga picha, wapishi, wote mshukiwa. Gari lao lilikuwa na viti vichache. Wakamchukua aliyekuwa amesimama.

"Mniruhusu nimalizie sentensi," Shomari aliwaomba, akiwa na kipaza sauti mkononi.

"Unamalizia lini, mzee?" aliuliza askari mmoja, ambaye alikuwa ameoa mwaka uliopita na harusi yake ilishereheshwa na Shomari huyo huyo. Alimfahamu. Akampeleka bila pingu.

*

Mkurugenzi wa Usomaji katika Wizara ya Utulivu aliitwa Ligola. Alimpokea Maimuna kwa heshima zote, akamvutia kiti, akaomba msamaha kwa kutomwuliza habari.

"Dada, tatizo la mumeo ni dogo," alisema. "Wizara yako haijasema kitu juu yake."

"Haijasema kwa sababu ni mwema."

"Sawa. Basi iseme hivyo."

"Tukinyamaza tumesema hivyo. Ndivyo ilivyo katika Mwongozo."

"Katika nakala yenu." Ligola alilifungua kabati, akatoa nakala ya wizara yake, akamwekea mbele, kidole chake kikiwa chini ya mstari wa nafasi ya nane. Maimuna aliusoma. Aliusoma tena, jinsi mtu anavyosoma jina lake kwenye bango la msiba.

"Mbona hatukuarifiwa?"

"Mliarifiwa. Mashine yenu iliiruka taarifa. Kanuni ya pili, dada. Imeandikwa kwa Kiswahili kizuri sana. Vijana wangu wanaikariri."

Maimuna alirudi ofisini kwake, akaufungua ujumbe wa mumewe na katika nafasi ya nane akaandika kwa mkono wake: mwema. Akaupitisha kwenye Kibanio. Kibanio kiliutazama, kikakuta jibu la kawaida limesahauliwa ndani, kikaling'oa. Ujumbe ukatoka ukiwa mwepesi kama ulivyokuwa awali. Aliandika tena, kikang'oa tena. Akaomba Kibanio kizimwe. Akajibiwa na Katibu Mkuu kwamba kibali cha kukizima hutolewa na wizara zote kwa pamoja kupitia waya, na kwamba ombi la namna hiyo halina nafasi. Akauandika wema wa mumewe kwenye karatasi, akaupeleka kwa miguu. Ligola aliipokea karatasi kwa mikono miwili.

"Mwandiko mzuri," alisema. "Lakini Idara ya Usomaji husoma yaliyopita kwenye waya tu. Karatasi anaweza kuandika mtu yeyote."

"Basi hakuna njia ya mtu mwema kuitwa mwema."

"Sijasema hivyo. Nasema tu sijaona ikitokea." Ligola aliinama, akashusha sauti, na ikaonekana kwamba alikuwa mtu mwenye huruma, kwa kiwango kilichoidhinishwa. "Dada, nikwambie. Wapo wanaotoka. Juzi tumemwachia mtu aliyemwua mkwewe. Ujumbe wake ulifika umejaa: nafasi ya nane, amemaliza kifungo, nafasi ya tisa, kosa lake. Hakuna kilichong'olewa, maana humo hamkuwa na jibu la kawaida. Tuliusoma kwa furaha. Mtu aliyesemwa hutoka. Wanaobaki ni wale wasiosemwa."

Maimuna alisimama. "Na wewe, kaka? Nafasi yako ya nane imeandikwa nini?"

Ligola alifunga taratibu nakala ya Mwongozo iliyokuwa mezani. "Mimi sijasemwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikiwa hapa sisimamisimami."

*

Washukiwa walihifadhiwa katika Viwanja vya Maonyesho ya Kilimo, kwenye mabanda ya mifugo. Vibao havikuwa vimeondolewa. Shomari alikutwa chini ya kibao kisemacho "Ng'ombe wa Maziwa, Mshindi wa Pili", akiwa amekonda usoni.

"Mshindi wa kwanza alichukuliwa jana," alisema, akionyesha banda la jirani lililokuwa tupu. "Hajarudi. Alikuwa mwalimu wa kuogelea. Habari za nyumbani, Bi. Nukta?"

"Njema," alisema Maimuna, neno ambalo hakuwa amelitamka tangu apewe nishani. "Njema, ila sina njia ya kukutoa ukiwa huna kosa."

Akamweleza. Shomari alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo lilimtisha mkewe kuliko waya wa miiba.

"Kwa hiyo nichague kosa," alisema hatimaye. "Haya. Wizi wa kuku. Tena kuku mmoja, watu wasinione nimezidi."

"Kuku hayumo. Nafasi ya tisa tuliipunguza. Makosa madogo yote tuliyafuta kuokoa waya. Yamebaki matatu."

"Mliyafuta na nani?"

"Niliyafuta."

"Yataje."

"Uhaini."

"Huo wananyonga. Jingine."

"Kuchoma ghala la taifa."

"Ghala lile pale, bibi, linaonekana toka hapa. Lina rangi mpya."

"Kuhujumu waya."

Shomari alianza kucheka, kicheko chake cha harusini, na watu katika mabanda mengine wakainua vichwa kukitazama kama taa. "Mimi? Nisiyeweza kubadilisha balbu? Nani ataamini kwamba niliukondesha waya wa serikali?"

"Hakuna. Ndiyo uzuri wake. Tangu kosa hilo liandikwe hakuna aliyewahi kushtakiwa, maana waya ni mnene." Maimuna alimshika mkono. "Utakuwa mtu aliyefungwa, Shomari. Hutaruhusiwa tena kushika kipaza sauti mbele ya watu. Lakini utakuwa nyumbani."

Kutoka banda la tatu walisikia jina likiitwa, na mtu akiinuka, na mlango. Kicheko cha Shomari kiliisha.

"Andika," alisema. Ilikuwa sentensi fupi kuliko zote alizowahi kusema, na ilikuwa na nukta.

Maimuna aliandika: nafasi ya nane, amemaliza kifungo, nafasi ya tisa, kuhujumu waya. Kibanio kiliupitisha ujumbe bila kugusa kitu. Hakikuuliza kama ni kweli. Hakikuwa na nafasi ya swali hilo.

*

Shomari aliachiwa siku iliyofuata, na msafara wa heshima ukamsindikiza mpaka barabarani, kwa kuwa aliyemaliza kifungo ni raia kamili. Nyumbani alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Aliulizwa na majirani, akatikisa kichwa. Watu walisema ni uchovu.

Lakini ujumbe wake, uliokuwa umejaa, ulisomwa kwa furaha na watu wengi kuliko aliowafikiria Maimuna. Ulipanda kutoka kwa Ligola hadi kwa Meja Bungara, na kutoka kwa Meja Bungara hadi ikulu, ambako ulisomwa kwa machozi. Kwa miaka yote hiyo serikali ilikuwa haiwezi kukiri kwamba waya ni mwembamba, kwa sababu ingelazimika kueleza nani aliukondesha, na waliojua walikuwa wamekaa mezani. Sasa mhalifu alikuwa amepatikana, tena kupitia waya wenyewe, tena amekwisha kuadhibiwa. Shukrani zilitolewa kwa Wizara ya Watu. Maimuna aliandaliwa nishani ya pili, kubwa kidogo.

Mheshimiwa alilihutubia taifa mchana wa siku ya mapumziko. Maimuna alikuwa ameandaa wali. Redio ilikuwa juu ya kabati. Shomari alikuwa dirishani.

"Ndugu wananchi," redio ilisema, "waya wetu ni mwembamba." Uwanja mzima ulipiga makofi, kama mgonjwa anayeshangilia kutajiwa ugonjwa wake. "Ni mwembamba kwa sababu yupo adui aliyeuhujumu. Alikuwa akizunguka katika harusi zenu, na mkono wake mmoja ulishika kipaza sauti. Hamkujiuliza mkono wa pili ulishika nini. Adui huyo alikamatwa. Amefungwa. Amemaliza kifungo chake."

Makofi. Maimuna alipakua wali kwenye sahani ya mumewe.

"Lakini jana," redio iliendelea, "Waziri wangu wa Utulivu amekwenda kuupima waya. Bado ni mwembamba. Nami nawauliza, nyinyi wenye akili: kama mhalifu ameadhibiwa sawasawa, waya ungekuwaje mwembamba mpaka leo? Jibu ni moja. Kifungo hakijaisha. Na hakitaisha mpaka waya unenepe."

Maimuna alizima redio. Nje jua lilikuwa kali, na mtaa, ambao kwa kawaida ulikuwa na watoto, haukuwa na mtu. Alifikiria kufuta ujumbe. Lakini ukifutwa, nafasi ya nane ingebaki tupu, na tupu alijua inasomwaje. Alifikiria nafasi zote alizozitunga, moja baada ya moja, kama mtu anayejaribu milango ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, na katika zote hakukuta hata moja ambayo mtu angeweza kutokea.

Shomari alikuwa bado anatazama langoni. Maimuna alikaa mbele yake, akaiweka sahani katikati.

"Mume wangu," alimwuliza, "habari?"

Shomari aligeuka, akamtazama mkewe kwa upole wa siku zao za mwanzo.

"Njema," alisema.

Maimuna, ambaye alizaliwa na kukulia katika nchi hiyo, aliisubiri "ila". Ikaja kwa gari, ikasimama langoni, ikapiga hodi kwa adabu.